Kuajiri wahandisi wa programu 40 kwa mkupuo: mwongozo kamili kwa kampuni ya huduma za TEHAMA

Kila baada ya wiki chache napata ujumbe unaofanana na uliotangulia. Kampuni imepata mteja mkubwa, inataka wahandisi wa programu thelathini au arobaini. Ikatangaza, wasifu zikamiminika, na miezi minne baadaye ina watu tisa tu, wawili kati yao wameshaaga. Anayeandika hulaumu vyuo, au hulaumu benki na kampuni za simu kwa kunyakua watu.

Nikiuliza maswali mawili matatu, nakuta mambo yaliharibika kabla tangazo halijatoka. Walianza kutafuta watu bila kujua watakalia viti gani, na bila kujua nani atawasaili.

Mfano nitakaoutumia ni kampuni ya Dar es Salaam yenye wahandisi 30 inayotaka kuongeza 40. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Walioko Kenya nitawagusia pale panapowahusu.

## Vya kuwa navyo mezani kwanza

Ukikosa kimojawapo, usitangaze.

- Mkataba wa mteja uliosainiwa, wenye tarehe ya kuanza kazi. Barua pepe ya "tumewapenda sana" si mkataba.
- Bajeti ya miezi sita kwa kila mtu. Ndani yake weka mshahara, mchango wa mwajiri NSSF, tozo ya ujuzi, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kompyuta mpakato, na umeme wa akiba kwa ofisi. Wanaopiga hesabu ya mshahara peke yake ndio hukwama mwezi wa tatu.
- Wasaili sita kutoka timu yako ya sasa, kila mmoja akiwa amepunguziwa kazi za mteja kwa saa kumi za wiki. Kupunguziwa kweli, kwa maandishi, na meneja wa mradi akijua.
- Jaribio la kazi lililokwisha kujaribiwa na watu wako wawili.
- Rasimu ya mkataba wa ajira iliyosomwa na mwanasheria mwaka huu. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo ile uliyonakili mwaka 2019 iache kabatini.
- Usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utakusanya majina, simu, vyeti na historia za mamia ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Kenya wana yao ya 2019.
- Jedwali moja la waombaji. Moja tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na waombaji ni vivyo hivyo: wakitawanyika kwenye simu ya huyu na barua pepe ya yule, wazuri ndio wa kwanza kupotea.

## Hatua ya 1: Hesabu viti, usihesabu vichwa

Chukua mkataba wa mteja na uandike kila kiti: kazi yake, lugha ya programu, ngazi, saa za kazi, tarehe ya kukaliwa. "Wahandisi 40" si orodha. "Wanne wa kusimamia mifumo ya malipo, Java, wazoefu, zamu mbili" hiyo ndiyo orodha.

Sababu ni kwamba kampuni ya huduma inauza saa za watu. Asiye na kiti kwa mteja anakaa benchini, mshahara wake unatoka mfukoni mwako, na kadiri anavyokaa ndivyo anavyoanza kutafuta pengine.

Hapa pia ndipo unapoamua umbo la timu. Wachanga ni rahisi kuwapata na mishahara yao ni midogo, kwa hiyo kishawishi ni kujaza nao nyumba. Kumbuka Andela, kampuni iliyowapatia wateja wa nje wahandisi wa Afrika. Ilijijenga kwa kuwafundisha wahandisi wachanga Lagos, Nairobi na Kampala, kisha Septemba 2019 ikaachisha kazi takriban 400 wa ngazi ya chini. Maelezo ya kampuni yenyewe yalikuwa kwamba wateja walitaka wazoefu. Kampuni ile ilikuwa na fedha na jina. Wewe je?

Kipimo changu ni wachanga watatu kwa mzoefu mmoja, na huyo mzoefu awe na nusu ya muda wake kwa ajili yao. Ikiwa mteja anamlipia mzoefu saa zote za wiki, basi hana muda wa kumfundisha mtu, na hesabu yako ya watatu kwa mmoja imebaki kwenye karatasi.

Umefanikiwa ukiona: mtu wa fedha anaweza kuisoma orodha ya viti na kusema kila kiti kitalipwa na ankara ya mteja yupi.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo

Huu ndio uchambuzi ambao karibu kila aliyeniandikia hakuwa ameufanya, kwa hiyo tuufanye pamoja.

Unataka 40. Tuseme kati ya watano unaowapa ofa, wanne wanakubali. Basi unahitaji ofa 50. Tuseme kati ya watatu unaowasaili, mmoja anafaa. Basi ni usaili 150. Kila usaili una wasaili wawili, saa moja ya mazungumzo na nusu saa ya kuandika alama. Hiyo ni saa 450 za watu wako.

Wasaili sita, saa kumi kila mmoja kwa wiki, ni saa 60. Gawanya: wiki saba na nusu. Ukiwa na wasaili wawili ambao hawakupunguziwa kazi, utamaliza mwakani. Tatizo halikuwa uhaba wa wahandisi nchini. Lilikuwa saa za wasaili wako.

Sasa kalenda. Mwajiriwa wa mshahara wa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, Tanzania na Kenya pia, na mikataba mingi imeweka mwezi kamili. Hivyo wa kuanza kazi tarehe 1 Septemba lazima awe na ofa mkononi mwishoni mwa Julai. Usaili wa kundi lake uwe nusu ya pili ya Julai. Mchujo na jaribio viwe Juni. Tangazo litoke wiki ya kwanza ya Juni.

Na usiwapokee wote siku moja. Gawa makundi manne ya watu kumi, kila baada ya wiki tatu: tarehe 1 Septemba, 22 Septemba, 13 Oktoba, 3 Novemba. Sababu iko hatua ya 8. Kwa sasa mpelekee mteja ratiba hiyo *kabla* hajakuuliza.

Onyo: usipange kundi lolote lianze Desemba. Nusu ya waliokubali watakuomba wasogeze hadi Januari, na nusu ya wale wa kuwapokea watakuwa kwao kijijini.

## Hatua ya 3: Andika tangazo linalofukuza wasiofaa

Tangazo zuri linapunguza waombaji. Taja kazi halisi za miezi mitatu ya kwanza. Taja kiwango cha mshahara, kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani. Najua wakurugenzi hawapendi. Lakini ukificha, utasaili mtu saa moja na nusu, utampenda, halafu mtagundua mmepishana kwa nusu ya mshahara. Hizo ni saa tatu za watu wako zimekwenda na maji.

Kama mteja yuko Ulaya au Marekani na kuna zamu za usiku, sema. Sheria yetu inahesabu usiku kuwa ni saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya humo ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Weka hayo kwenye bajeti, na uyaweke kwenye tangazo.

Andika pia kwa herufi za kuonekana: "Hatutozi ada yoyote katika hatua yoyote." Tangazo la nafasi 40 likianza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp, matapeli hulinakili na kuweka namba zao za kupokelea pesa. Weka anwani moja rasmi ya kuombea na uirudie.

Kuhusu neno "mhandisi": kwa Tanzania ni cheo kinachosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mitaani sote tunasema wahandisi wa programu, nami nimelitumia humu, ila kwenye mkataba muulize mwanasheria kabla hujaandika cheo. "Msanidi programu" halina ugomvi na mtu.

Pa kutangazia: waulize kwanza watu wako 30 ni nani waliowahi kufanya naye kazi na wangependa kuwa naye tena. Kisha vyuo, hasa kwa ngazi ya chini: CoICT ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, DIT, UDOM, MUST ya Mbeya, SUZA kwa walioko Zanzibar. Wazoefu huwapati kwenye ubao wa chuo. Wengi wana kazi tayari na hawasomi matangazo. Hao wanafuatwa kwa simu, na simu hiyo apige mhandisi mwenzao. Wa rasilimali watu akipiga, atajibiwa kwa heshima na kusahauliwa.

Umefanikiwa ukiona: maswali yanayokuja ni kuhusu kazi, hayaulizi "mshahara ni bei gani" wala "mpo wapi".

## Hatua ya 4: Mchujo wa kwanza, dakika tatu kwa mtu

Maswali matatu mafupi kwenye fomu yanatosha: Unaweza kuanza lini? Kiwango hiki cha mshahara kinakufaa? Umewahi kuandika na kutunza programu inayotumiwa na watu wengine, hata iwe ndogo? Anayejibu ndiyo kwa swali la tatu aeleze kwa sentensi tano.

Usichuje kwa GPA (wastani wa alama za chuo) wala kwa "uzoefu usiopungua miaka mitano". Mtafiti wa saikolojia ya kazi Paul Sackett na wenzake walipozipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu uajiri mwaka 2022, usaili uliopangwa ndio ulioongoza kwa kubashiri utendaji kazini, ukifuatwa kwa karibu na majaribio ya maarifa ya kazi, na majaribio ya kufanya kazi yenyewe hayakuwa mbali. Idadi ya miaka ya uzoefu ilikuwa karibu na mkiani. Wapo wenye miaka kumi ambayo kwa kweli ni mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi.

Kila aliyeachwa ajibiwe ndani ya siku saba, hata kwa ujumbe wa mistari miwili. Mji huu ni mdogo. Uliyemnyamazia leo atakuwa msimamizi wa mifumo kwa mteja wako kesho kutwa.

## Hatua ya 5: Jaribio la kazi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa inapookolewa.

Achana na mafumbo ya kugeuza miti ya data ubaoni. Mpe mwombaji kipande cha kazi inayofanana na atakayoifanya, saa mbili zisizidi. Mfano ninaoupenda ni huu. Unampa programu ndogo ya duka inayopokea malipo ya simu. Mtandao wa malipo hutuma taarifa kwamba mteja amelipa. Programu ikichelewa kujibu, mtandao hutuma taarifa ile ile tena. Matokeo yake mteja anawekewa salio mara mbili. Kazi ya mwombaji ni kutafuta kosa, kulirekebisha, kuandika msimbo wa majaribio unaothibitisha kuwa kosa limekwisha, na kueleza kwa nusu ukurasa alichofanya.

Tazama jinsi linavyotenganisha watu. Mchanga ataweka sharti: kama namba ya muamala ipo tayari, usiongeze. Inafanya kazi, mpaka taarifa mbili zifike kwa wakati mmoja, zote zikute namba haipo, zote ziongeze. Mzoefu atakwenda kwenye hifadhidata na kuilazimisha namba ya muamala iwe ya pekee, ili ya pili ikataliwe hata zikifika pamoja. Na yule unayemtaka sana ataandika chini: "Je, wale waliokwisha kuwekewa mara mbili tunafanyaje?" Swali hilo halifundishwi darasani.

Mambo ya kupanga:

Mpe dirisha la siku tano, achague mwenyewe saa zake mbili. Umeme ukikatika Tabata au Mwanjelwa, usimhukumu kwa kosa la jenereta. Aandike tu uliondoka saa ngapi na ulirudi saa ngapi.

Ruhusu akili mnemba (AI). Ukiikataza wataitumia kimyakimya, na atakayeumia ni mwaminifu. Badala yake, ukimwita kwenye usaili, tumia dakika kumi na tano za kwanza kumwambia abadilishe kitu kwenye suluhisho lake mbele yako. Aliyeandika, au aliyeelewa alichoandikiwa, atakwenda moja kwa moja kwenye mstari husika. Ambaye hakuelewa atasoma msimbo wake kama anausoma mara ya kwanza, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza.

Wasahihishaji wawe wawili, jina la mwombaji na chuo chake vikiwa vimefichwa, na alama ziwe nne tu: amerekebisha mahali sahihi, msimbo wake wa majaribio unakamata kosa, maelezo yanaeleweka, hajaharibu kingine. Wakitofautiana sana, wa tatu aingie.

Onyo: usimpe kazi ya mteja ya kweli "kama jaribio". Ni wizi wa nguvu za mtu, na habari zitafika kwenye makundi ya wasanidi kabla ya jioni.

Umefanikiwa ukiona: watu wako waliolijaribu jaribio wamepata alama zinazolingana na unavyowajua kazini. Ikiwa mhandisi wako bora amefeli, jaribio ndilo bovu.

## Hatua ya 6: Usaili

Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa kila mtu. Kila msaili aandike alama zake kabla hajazungumza na mwenzake. Wasaili wakianza na "unamuonaje?", mwenye sauti nzito ndiye anayeajiri.

Maswali mazuri huuliza yaliyotokea: "Tueleze mara ya mwisho ulipoharibu kitu kilichokuwa kinatumika. Ulijuaje, ulimwambia nani, ulifanya nini baada ya hapo?" Asiyewahi kuharibu kitu hajawahi kushika kitu.

Lugha nayo. Kama mteja anataka Kiingereza, pima Kiingereza cha kazi: aandike barua pepe ya kumweleza mteja kwamba mfumo umechelewa. Lakini mwache afikirie tatizo la kiufundi kwa Kiswahili akitaka. Nimeona watu hodari wakikosa nafasi kwa kuchanganya nyakati za vitenzi.

Halafu kuna vimemo. Nafasi 40 ni nyingi, na shemeji wa mkurugenzi atajitokeza. Mjibu kwa upole: "Karibu sana mzee, kijana apitie jaribio kama wenzake." Jina limefichwa, wasahihishaji hawajui, mambo yameisha bila mtu kuvunjiwa heshima.

## Hatua ya 7: Ofa na mkataba

Ofa itoke ndani ya siku tatu baada ya usaili. Mzoefu mwenye ofa tatu hangoji kikao cha bodi.

Aina ya mkataba: sheria ya Tanzania inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, na kanuni za 2017 zinataka usipungue miezi 12. Kwa hiyo usimsainishe mtu miezi sita eti kwa sababu mteja amesaini miezi sita. Muda wa majaribio uuandike wazi. Kenya hauzidi miezi sita, na kuurefusha kunahitaji ridhaa ya mwajiriwa.

Vifungu vya "ukiondoka kabla ya miaka miwili unalipa gharama za mafunzo" huwa vinawapendeza mabosi. Mimi sivipendi. Havimzuii mwenye ofa kubwa, maana mwajiri mpya humlipia, na vinamwogopesha mwangalifu ambaye ndiye uliyemtaka.

Kati ya kusaini na kuanza kuna mwezi mzima, na humo ndimo mwajiri wa zamani humwongezea mshahara. Mpigie kila wiki. Mtambulishe kwa kiongozi wake wa timu, mwalike chakula cha mchana. Aliyekwisha kufahamiana na watu haachi kwa ujumbe wa simu.

Umefanikiwa ukiona: kati ya watano uliowapa ofa, wanne wamefika kazini. Wakipungua hapo, rudi uangalie mshahara kabla hujalaumu tabia za vijana.

## Hatua ya 8: Pokea kumi kumi

Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo endeshi wa kompyuta OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: timu ya watu watano ina jozi 10 za watu wa kuelewana. Timu ya kumi na watano ina jozi 105. Ndiyo maana timu zibaki ndogo, na ndiyo maana wageni waje kwa makundi. Wahandisi wako 30 wa sasa hawawezi kuwashika mkono wageni 40 siku moja na bado wamhudumie mteja wa zamani, yule anayelipa mishahara ya sasa.

Siku ya kwanza kompyuta iwe imewashwa, akaunti zimefunguliwa, jina la mwenyeji wake limeandikwa. Siku ya tatu mgeni awe ameingiza badiliko lake la kwanza kwenye mfumo, hata liwe neno moja lililokosewa. Akishindwa, mara nyingi maelekezo yenu ya kusimika mfumo ndiyo mabovu. Mwambie ayasahihishe, na hilo ndilo litakuwa badiliko lake la kwanza.

Kabla kundi la pili halijaingia, kaa na kundi la kwanza saa moja na uulize nini kiliwapotezea muda. Rekebisha. Kundi la nne litakushukuru bila kujua.

Onyo: kundi la kwanza likiyumba, sogeza la pili mbele kwa wiki mbili na umwambie mteja. Atanung'unika. Atanung'unika zaidi ukimpa watu kumi wasiojua waanzie wapi.

## Hatua ya 9: Baada ya siku 90

Fungua lile jedwali. Linganisha alama za jaribio na usaili na jinsi kila mtu anavyofanya kazi sasa. Swali la usaili ambalo wazuri na wabaya walipata alama sawa, liondoe.

Aliyeshindwa, mwambie mapema na kwa ushahidi, katika muda wa majaribio, akiwa amepewa nafasi ya kujieleza.

Kisha kuna wale waliofaulu kila kitu ila viti vikaisha. Waombe ridhaa ya kutunza taarifa zao kwa mwaka mmoja, na mteja mwingine akisaini, wapigie hao kabla hujaandika tangazo lolote. Wasifu za waliobaki zifute kwenye tarehe uliyowaahidi.